Siku ya Mashujaa Bila Majina

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mbele ya mnara wa mashujaa, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi humfuata na sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya wa jiji huweka upinde na mshale, na mzee anayewawakilisha wenzake huweka shoka. Tarumbeta hulia, uwanja hunyamaza, tarumbeta hulia tena, kisha viongozi wa dini huomba kwa zamu. Ni sherehe fupi na yenye heshima, na naamini aliyeipanga aliwaza kwa kina, kwa kuwa silaha zinazolazwa pale ni zile walizoshika watu wa Mkwawa na watu wa Kinjekitile, kana kwamba taifa linasema kuwa askari aliyekufa juzi huko Kongo na mkulima aliyekufa mwaka 1905 katika milima ya Matumbi ni wafu wa ukoo mmoja.

Nimeifuatilia sherehe hiyo kwa miaka mingi, mara mbili nikiwa nimesimama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, enzi zile ilipokuwa ikifanyika pale, na mara nyingi zaidi kupitia televisheni tangu ilipoanza kufanyika Dodoma. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja kusikia likisomwa jina la mtu aliyekufa. Majina ya viongozi waliohudhuria husomwa, tena kwa kufuata itifaki bila kuruka mtu. Wale ambao kwa ajili yao tumekusanyika hubaki kuitwa "mashujaa wetu", wote kwa pamoja, kama mzigo uliofungwa kamba moja.

Jambo hili huenda lisingenisumbua kama ningekuwa nimekulia mahali pasipojua kuzika. Lakini sisi tunajua kuzika. Katika misiba mingi ya kwetu, kabla jeneza halijashushwa, ndugu mmoja husimama na karatasi iliyoandikwa usiku kwa mkono, akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini na wapi, ni mtoto wa ngapi kati ya wangapi, alisoma hadi darasa la ngapi, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, alianza kuugua lini, alifariki saa ngapi, na ameacha mjane, watoto na wajukuu wangapi. Watu waliochomwa na jua tangu asubuhi husikiliza kila neno. Karatasi ikisema marehemu ameacha watoto watano, kumbe ni sita, mnong'ono hupita kutoka jamvi hadi jamvi mpaka msomaji asahihishe, kwa maana yule wa sita yupo pale amekaa na amesikia. Kwa Waislamu, kwenye hitima, dua huombwa kwa jina la marehemu, na mara nyingi jina la mzazi wake huunganishwa hapo, ili asichanganywe na mwingine. Mchungaji wa mbuzi husomewa wasifu. Bibi ambaye hakuwahi kutoka nje ya wilaya yake husomewa wasifu. Ninachojiuliza ni kwa nini askari aliyekufa kwa niaba yetu sote, katika siku ambayo taifa limemtengea rasmi, asisomewe.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wengi wetu huutumia msemo huu kama faraja: balaa likiwapata wengi kwa pamoja, mtu haoni upweke. Mimi nausikia pia kama onyo. Wafu wakiwa wengi, msiba hubadilika sura. Hupata mahema, viti vya mbele, bendi, ratiba na mgeni rasmi. Huzuni, ambayo asili yake ni ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, hukosa pa kukaa. Katika maadhimisho ya mwaka 2016 pale Dodoma, Rais John Magufuli alizungumzia azma ya Serikali kuhamia Dodoma, na hadi leo ukimuuliza mtu anachokumbuka kuhusu Siku ya Mashujaa ya mwaka ule atakuambia habari ya kuhamia Dodoma. Simlaumu Rais kwa hilo, kwani ilikuwa habari kubwa ya nchi. Nasema tu kwamba wafu wasio na majina hawawezi kushindana na habari yoyote, hata iwe ndogo kiasi gani.

Wapo wanaoamini kuwa tatizo ni kalenda. Tarehe 25 Julai haimo katika orodha ya siku za mapumziko. Ofisi hufunguliwa, daladala hujaa kama kawaida, na mtoto wa shule anaweza kumaliza darasa la saba bila kujua siku hiyo ni ya nini, ilhali Saba Saba na Nane Nane anazijua vizuri. Hoja yao ni kwamba tukiifanya kuwa sikukuu, watu wataiheshimu. Naielewa nia yao lakini siamini kuwa dawa iko hapo. Wamarekani wana siku kama hiyo mwishoni mwa Mei, na ni ya mapumziko. Ilianza baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1868 ilipangwa kitaifa kuwa siku ya kwenda makaburini na kuyapamba kwa maua, kaburi moja baada ya jingine. Ilikuwa kazi ya mikono, kwa sababu huwezi kulipamba kaburi bila kuinama, na ukiinama utasoma jina. Leo watu wengi wa huko huijua zaidi kama mwanzo wa msimu wa kiangazi na siku ya bidhaa kupunguzwa bei, na kila mwaka wapo wanaolalamika kuwa maana yake imepotea. Kwa hiyo tunaweza kupewa siku nzima ya kupumzika na bado tukapoteza kitu chenyewe. Kilichoifanya siku ile iwe ya kumbukumbu tangu mwanzo ni kule kuinama.

Kwetu, historia ya kuwakumbuka askari bila majina ina mahali ilipoanzia, na mahali penyewe tunapapita kila siku. Katikati ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, imesimama Sanamu ya Askari, mwanajeshi wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann, iliyoondolewa mwaka 1916 mji ulipotekwa. Kwenye kitako chake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayosema kuwa huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni maandishi yanatoa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Siku ya kwanza nilipoyasoma maandishi yale kwa makini, nilizunguka sanamu yote kutafuta majina, kwa kudhani yameandikwa upande wa pili. Hayapo. Mnara unaoahidi kuwa jina litakumbukwa hauna jina hata moja la aliyekufa. Ni sanamu ya askari yeyote, maana yake si ya askari mmoja wapo, na mpagazi, ambaye idadi yake ilimzidi askari mara nyingi, hakuchongwa hata sura, alipewa sentensi.

Wapagazi ndio kiini cha jambo lenyewe. Vita ile katika Afrika Mashariki ilipiganwa mahali pasipo na barabara wala reli ya kutosha, na palipokuwa na mbung'o walioua punda na ng'ombe, hivyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda kichwani mwa mtu. Wanaume walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wengi kwa nguvu, na pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zilifanya hivyo. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na kwa kulishwa unga wa mahindi usioiva na ambao wengine hawakuuzoea. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa hukadiriwa kukaribia 100,000. Dar es Salaam imebaki na neno moja la kumbukumbu yao, nalo ni Kariakoo, matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao cha wabeba mizigo, ambacho kambi yake ilikuwa pale. Kila siku maelfu ya watu hununua vitambaa, simu na nyanya juu ya kumbukumbu ile bila kujua, na tena hapa wafu wamepewa jina la kundi badala ya majina yao.

Ingekuwa rahisi kusema kuwa zama zile karatasi zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Ukweli ni mchungu zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuwakumbuka waliofia dola ya Uingereza, ilitoa ripoti kuhusu mwenendo wake yenyewe baada ya vita ile, na ikaomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ingawa kanuni ya tume yenyewe ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa na mwenzake, bila kujali cheo wala rangi. Baadhi ya maofisa wa wakati ule waliamini kuwa Mwafrika hajafikia kiwango cha ustaarabu cha kulithamini jiwe la kaburi, na kwamba sanamu ya pamoja mjini ingemtosha. Waliyasema hayo kuhusu watu wanaohesabu vizazi vyao kwa makaburi yaliyo nyuma ya nyumba. Waliyasema kuhusu Wahaya wanaowazika wazee wao kwenye vibanja, na kuhusu watu wa Pwani ambao kaburi la babu ni mahali pa kwenda kuomba dua.

Kwa hiyo jina lisipoandikwa, mara nyingi kuna mtu aliyeamua lisiandikwe. Sikusudii kuulinganisha uamuzi ule wa kibaguzi na sherehe yetu ya leo, kwani nia ni tofauti kabisa. Ninachosema ni kwamba tumerithi umbo. Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera, wimbo na jeshi, lakini mnara usio na majina tuliupokea kama ulivyo, tukaendelea kuukusanyikia tukiamini kuwa hivi ndivyo mashujaa wanavyokumbukwa.

Umbo jingine linawezekana, na tunalo wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Kagera kaskazini ya mto. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Hotuba ya Mwalimu Nyerere kuhusu uwezo, sababu na nia kila Mtanzania wa rika fulani anaweza kuisema kwa moyo, na aliyekuwa mtu mzima wakati ule anaikumbuka pia miezi 18 ya kufunga mkanda iliyofuata. Jeshi letu liliwatimua wavamizi, likaendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita Serikali ilifanya jambo ambalo halisifiwi inavyostahili: iliagiza miili ya askari wake waliozikwa ugenini irudishwe nyumbani, na mamia wakazikwa katika makaburi ya jeshi Kaboya, wilayani Muleba, mahali palipojengwa mnara mweupe ulioandikwa majina yao.

Anayefika Kaboya huona mara moja tofauti kati ya mnara ule na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Mbele ya sanamu mtu hutazama juu, akapiga picha, akaenda zake. Mbele ya majina mtu hupunguza mwendo. Ataanza kutafuta jina la ukoo wake, hata kama anajua hakuna ndugu yake aliyekwenda vitani. Atagundua majina ya Kisukuma, ya Kimakonde, ya Kichaga, ya Kiislamu na ya Kikristo yamepangana bila kuulizana, na bila hotuba yoyote ya umoja wa kitaifa ataelewa kuwa Kagera ilikombolewa na vijana ambao wengi wao hawakuwahi kuiona kabla ya vita. Lakini Kaboya iko mbali, na wengi walioacha watoto wao pale waliishi Songea, Tunduru au Unguja, na baadhi yao wamekufa bila kupata nauli ya kwenda kuyagusa maandishi yale.

Majina pia hutulazimisha kuwa wakweli kuhusu kifo chenyewe. Kwa hesabu iliyotolewa na Serikali, wanajeshi 373 walipoteza maisha katika vita vya Kagera, na kati yao 96 ndio waliokufa katika mapigano. Wengine walikufa kwa ajali na kwa sababu nyingine za vitani ambazo hazina wimbo. Tunaposema "mashujaa" kwa ujumla, akilini huja mtu anayekimbilia risasi akipeperusha bendera. Tukisoma majina mmoja mmoja tutakutana na dereva ambaye lori lake lilipinduka usiku kwenye utelezi, na mgambo ambaye miezi michache nyuma alikuwa akipalilia pamba. Hawa hawapungukiwi chochote. Waliitwa, wakaenda, hawakurudi, na mama wa dereva hakulia kidogo kuliko mama wa aliyepigwa risasi. Heshima inayohitaji kwanza kuwatengenezea wafu sura ya picha ya ukutani ni heshima kwa picha.

Miaka ya karibuni tumezika tena. Tarehe 13 Julai 2013, walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi waliishambulia kambi ya kikosi chetu Semuliki, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakaua askari wetu wasiopungua 14, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, akalieleza kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni. Kwa wiki moja nchi nzima iliyajua majina yao. Magazeti yaliyachapisha pamoja na vyeo na picha, miili ikaagwa kwa heshima, na watu waliosimama barabarani walilia bila kuona haya. Kisha majeneza yakatawanyika, kila moja kwenda mkoani kwake, na majina yakaondoka nayo. Leo mimi mwenyewe, ninayeandika kwa hasira hii yote, siwezi kuwataja wote bila kutafuta. Ile wiki moja ilionyesha kuwa Watanzania hawakosi moyo wa kukumbuka. Wanachokosa ni mahali na siku ambapo majina yale yanarudi.

Kuna njia mbaya zaidi ya hiyo, na majirani zetu Wakenya wanaijua. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab. Idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa na serikali yao. Wafu walizikwa vijijini mwao, nyumba kwa nyumba, na kila familia ikabaki na msiba wake kama siri. Kenya ina Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, nayo ni ya mapumziko. Hapo ndipo inapoonekana kuwa sikukuu na ukweli kuhusu waliokufa ni vitu viwili, na kimoja hakileti kingine.

Najua yapo majibu dhidi ya hoja yangu. Mwanajeshi mmoja mstaafu niliyemheshimu sana aliniambia kuwa jeshi halina "mimi", lina "sisi", na kuwatoa wafu mmoja mmoja ni kuvunja kile kilichowafanya wawe askari. Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Nadhani lina ukweli kuhusu namna askari anavyoishi na kupigana, lakini halina ukweli kuhusu namna anavyoachwa na waliobaki. Kikosi hupoteza askari mmoja na kupewa mwingine. Mjane hapewi mwingine. Wengine husema kuwa wafu wa zamani, wale wa Maji Maji kwa mfano, majina yao hayajulikani, hivyo ni haki zaidi kutomtaja yeyote. Lakini nendeni Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale zaidi ya watu 60 kwa siku moja, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kwa sababu watu wale wana koo zinazowadai. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha, alikutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiuliza kilipo kichwa cha mzee wao, kinachoaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Ukoo ule hauombi shujaa. Unaomba babu yao, mtu mmoja, mwenye jina, akazikwe akiwa kamili. Hakuna waziri aliyewafundisha kukumbuka hivyo.

Na kwa wale ambao kweli hatuwajui, tunaweza kusema kwa sauti kwamba hatuwajui, na kwamba waliosababisha tusiwajue walikuwa watu. Hilo nalo ni kuwataja.

Maana ya siku kama hii, kwa hiyo, naiona katika deni zaidi kuliko katika fahari. Fahari hulipwa kwa gwaride, na gwaride letu ni zuri. Deni lina mwenye kudai: mjane anayefuatilia mafao, mtoto aliyekua akiambiwa "baba yako alikuwa askari" bila mtu wa kumweleza zaidi, mzazi mzee ambaye cheti chenye muhuri kimening'inia ukutani na hakuna jirani anayejua kimeandikwa nini. Na lina upande wa pili ambao hausemwi sana. Anayesoma majina ya waliokufa hawezi kuwapeleka wengine vitani kwa wepesi. Zipo vita za haki, na naamini ile ya Kagera ilikuwa mojawapo. Lakini hata katika vita ya haki kiongozi anayesaini amri anapaswa kujua kuwa anasaini majina.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa wala sheria mpya. Tarehe 25 Julai, baada ya tarumbeta, yasomwe majina. Dodoma yasomwe ya waliokufa Semuliki na Darfur. Kaboya yasomwe ya Kagera. Naliendele, Mtwara, walipozikwa askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, yasomwe ya pale. Kila wilaya isome ya watoto wake, na kila shule ya msingi iliyofundisha askari aliyekufa vitani ilisome jina lake kwenye mstari wa asubuhi, pamoja na mwaka aliomaliza darasa la saba. Haitachukua muda mrefu. Mtoto aliyesimama kwenye mstari ule na kusikia kuwa mtu aliyekalia madawati haya alikufa akilinda raia wa nchi nyingine, atarudi nyumbani na kuuliza maswali, na nyumba nyingi zina mtu wa kuyajibu, kama ataulizwa kabla hajachelewa.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyetoka Kyaka hadi Kampala kwa miguu na kwa lori. Haendi uwanjani. Tarehe 25 Julai hukaa barazani na redio yake, na tarumbeta inapolia husimama, ameweka mikono ubavuni, peke yake, mpaka ilie mara ya pili. Mwaka juzi nilimkuta katika hali hiyo, nikasimama nje ya uzio nikingoja amalize, kisha nikamwamkia. Alinikaribisha, akapunguza sauti ya redio, na bila kuulizwa akaanza kuwahesabu kwa vidole wale wa seksheni yake ambao hawakurudi. Watatu aliwataja kwa majina yao yote, na kwa vijiji vyao. Wa nne alisita.

"Yule tulimwita Mtwara," alisema, "kwa sababu alitoka huko. Alikuja tukiwa tumeshavuka mpaka, akaziba nafasi. Kila mtu alimwita Mtwara, na yeye aliitikia. Alifia Lukaya, kwenye ile barabara ya bwawani, kichwa chake kikiwa hapa." Akagusa paja lake.

Mwanawe alipopata kazi Bukoba alimchukua, akampeleka Kaboya. Mzee aliyasoma majina yote kuanzia juu hadi chini, akayarudia tena kwa kidole, mpaka mwanawe akamwambia jua linazama.

"Nilikuwa namtafuta Mtwara," aliniambia. "Hayupo, mwanangu. Yaani yupo, ila sijui ni yupi."